Semina na Koleo la Nev

Kila mwaka, mwezi wa pili, kampuni hutuletea semina ya kuheshimiana. Mwaka mmoja alikuja bwana mwenye gitaa. Mwaka mwingine akaja mama aliyetufumbisha macho na kutushikisha mikono, na Damo, dereva mmoja, akalala hivyo hivyo mkono wake ukiwa ndani ya wangu, akakoroma. Baada ya hapo hawakuleta mtu kabisa, walileta kompyuta. Unabonyeza jibu, ukikosa inakuambia jaribu tena, ukikosa tena inakuonyesha lililo sahihi, kisha inakupongeza kwa kujifunza. Nev, mkuu wa mafundi, alimhonga mjukuu wake aiskrimu ambonyezee. Mjukuu akafaulu kutushinda sote.

Mimi naitwa Voula Karabatsos. Ninakaa chumba cha redio katika yadi ya mabasi ya Thomastown, kaskazini mwa Melbourne. Dereva akipata pancha, akigombana na abiria au akikwama kwenye foleni, sauti anayoisikia ni yangu. Nimekaa pale mpaka kiti kimeshika umbo la makalio yangu. Kwa hiyo nikisema semina zile zilikuwa za kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa, msidhani nilizichukia. Nilizipenda, zilikuwa na biskuti.

Ila mwaka huu biskuti hazikunishuka, kwa sababu Jasvir alitaka kutuacha.

Jasvir Singh Dhaliwal ndiye dereva bora tuliye naye, na ndiye rafiki yangu. Ni Singasinga mrefu, mpole, mwenye kilemba cha rangi yake kwa kila siku ya wiki. Kila mchana tunakula pamoja kwenye kiti cha nyuma kabisa cha basi lake, milango ikiwa wazi. Yeye huja na chapati na dengu za mkewe, Manpreet. Mimi huja na zeituni, jibini na chochote kilichobaki jana nyumbani. Tunabadilishana. Kiti kile kimesikia umbea wa yadi nzima.

Jumatano hiyo alikuwa anafuta achari kidoleni, akasema, "Dada Voula, Lorraine anastaafu."

"Najua. Keki yake nimeagiza mimi."

"Nimeomba nafasi yake."

"Safi sana! Msimamizi wa zamu! Mara hii, Jasi..."

"Mara hii ndiyo ya mwisho. Nimeomba mara tatu, mara tatu wamenipita. Nikikosa tena, tunahamia Woolgoolga kwa shemeji. Ana shamba la ndizi, anatafuta mtu. Manpreet ameshaulizia shule za watoto."

"Wewe na ndizi? Utaongea na nani huko, na migomba?"

"Angalau mgomba haujawahi kuniambia, 'Jas, wewe ni mtu mzuri sana, lakini.'"

Nilicheka peke yangu. Hakuwa anatania. Baba yangu, Mgiriki, alifanya kazi kiwanda kimoja cha matairi maisha yake yote hapa hapa mjini. Aliitwa Konstantinos, wao wakaona jina refu, wakamwita Con, na hakuna siku aliyopandishwa hata ngazi moja. Jioni alikuwa anarudi nyumbani anasema ni watu wazuri sana. Niliposikia neno lile lile kinywani mwa Jasvir, damu ilinichemka.

Ijumaa tukaitwa kwenye semina. Safari hii mwalimu alikuwa msichana wa mjini, Imogen Sheldrake, miwani mikubwa, viatu vyeupe ambavyo nilivihurumia nikiwaza mafuta ya yadi yetu. Akawasha projekta. Slaidi ya kwanza ilikuwa picha ya mlima wa barafu baharini, sehemu kubwa ikiwa chini ya maji.

"Mwalimu," akasema Nev, "hiyo ni ya kutilia kwenye soda?"

Watu wakavunjika mbavu. Imogen akatabasamu kwa adabu, akaendelea. Akatuambia kuna upendeleo ambao mtu anao bila kujua. Damo akanyoosha mkono kusema yeye hana, mke wake ni Mfilipino. Meneja wetu, Graeme Tulloch, alikaa mstari wa mbele akikubali kila neno kwa kichwa, kama yule mbwa wa plastiki wa kwenye dashibodi. Graeme si mtu mbaya. Akisikia mtu kafiwa hutuma maua kabla ya kumaliza kusikia nani kafa. Lakini kichwa kile kilikuwa kimekubali semina zote, hata ya gitaa.

Kisha Imogen akakosea, kosa ambalo wote kabla yake walilikosea. Akamgeukia Jasvir, aliyekaa dirishani kimya.

"Labda wewe ungependa kutuambia. Unajisikiaje ukiwa hapa?"

Vichwa vyote vikageuka. Jasvir akafikiri.

"Najisikia joto," akasema. "Mtu amezima feni."

Nev akapiga meza kwa kicheko. Feni ikawashwa, karatasi ya mahudhurio ikapita, kila mtu akatia sahihi na kukimbilia nje, kwa sababu saa tano ya Ijumaa ni saa ya soseji. Jasvir akaenda kwenye basi lake. Mimi nilibaki. Nilikuwa na neno.

"Mwalimu, una dakika moja?"

"Bila shaka!"

"Umesema vizuri sana. Kiswali kimoja: hapo kuna kitu gani kitabadilika?"

Nilitegemea atanijibu kwa slaidi nyingine. Badala yake akazima projekta, akakaa juu ya meza, miguu inaning'inia.

"Hakuna," akasema.

"Ehee?"

"Nimezunguka kampuni nyingi, mama. Watu wanacheka, wanatia sahihi, wanaenda. Nikirudi mwaka unaofuata, walioko juu ni wale wale na walioko chini ni wale wale. Na yule bwana wa dirishani nimemwaibisha mbele za watu, nimeona." Akavua miwani akaifuta kwa shati. "Nina sehemu ya pili Ijumaa ijayo. Naweza kuja na slaidi zingine, au unaweza kunisaidia. Niambie kitu kimoja. Hapa kwenu, kazi zinatolewa wapi?"

Ofisini kwa Graeme, nilitaka kumjibu. Nikafungua mdomo nikaufunga. Miaka yote ile ya semina hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza.

"Twende tukale," nikamwambia.

Nyuma ya karakana kuna jiko la gesi, na mbele ya jiko yupo Nev na koleo lake. Soseji zikikaangwa na vitunguu, mwenye kugeuza ni Nev peke yake. Kuna kijana aliwahi kugeuza moja wakati Nev ameenda kuchukua mkate. Alihamia yadi ya Sunshine baadaye, lakini watu bado wanasema ni kwa sababu ya ile soseji. Mimi huwa sifiki pale, kwa sababu Ijumaa nako nakula na Jasvir, na yeye hali nyama. Graeme hufika kila wiki. Husimama mkono wa kulia wa Nev, ambapo moshi haufiki, na watu humzunguka.

Imogen akapewa soseji yake ndani ya mkate, na sosi ya nyanya ikamdondokea kwenye kiatu cheupe. Nilijua tu. Tukasimama pembeni tukitafuna. Hatukungoja sana.

"Sasa Nev," akasema Graeme, "hii nafasi ya Lorraine. Unaonaje?"

"Damo," akasema Nev, akigeuza soseji bila haraka. "Kichwa kimetulia. Unakumbuka yale mafuriko?"

"Nani atasahau!"

Wakaanza kusimulia, huyu akipokea kwa yule, jinsi mvua ya mawe ilivyopiga mwezi wa kumi na moja, jinsi basi lilivyokwama kwenye barabara inayopita chini ya reli, na jinsi Damo alivyosimama ndani ya maji ya kiuno akiwabeba vikongwe mgongoni mmoja mmoja. Wa mwisho, kwa mujibu wa Nev, alikuwa bibi mmoja na kasuku wake ndani ya tundu, na kasuku alitukana njia nzima.

Nikaacha kutafuna. Siku ile mimi ndiye niliyekuwa redioni. Nilisikia maji yakiingia. Nilisikia watu wakilia, na nilisikia sauti moja tulivu ikiniambia, "Voula, niko salama, nitoe kwanza wa mbele, kisha nitakuita." Haikuwa sauti ya Damo.

"Ni Jasvir!" nikamnong'oneza Imogen, na kunong'ona kwangu husikika hadi barabarani. "Basi lile ni la Jasvir! Ngoja niwaambie hawa..."

Akanishika mkono. "Ukisema sasa utakuwa ugomvi wa kwenye soseji, na Jumatatu wamesahau. Nipe wiki moja."

Kunyamaza wiki nzima! Mimi! Mume wangu aliniuliza kama naumwa.

Ila nilipotulia niliona ilivyotokea. Siku ile ya mafuriko Jasvir alirudi, akabadilisha nguo, akapanda basi lingine akamalizia zamu. Ijumaa yake alikula chapati kwenye kiti cha nyuma pamoja nami, kama siku zote. Damo alikuwa kwenye soseji, akasimulia alichokiona. Ijumaa iliyofuata wakasimulia tena, Nev akatia chumvi. Kwetu yadini kinachosimuliwa pale kwenye jiko ndicho kilichotokea. Asiyekuwepo pale hakufanya kitu.

Wikiendi sikuweza kukaa bure. Nikaenda dukani nikanunua kikaango kipya kabisa, hakijawahi kuguswa na nyama, na mifuko ya vibanzi na kababu za mboga. Jumatatu nikampelekea Jasvir kwenye kiti cha nyuma, meno yote nje.

"Hiki ni chako peke yako. Ijumaa tunaenda wote kwenye soseji. Nev akithubutu kutia koleo lake humu, namvunja mkono."

Akakigeuza mikononi, akakiweka chini taratibu.

"Dada Voula, mimi sikosi chakula. Nina chakula kingi, na kingi unakula wewe."

"Si chakula, Jasi! Ukisimama pale watakujua!"

"Miaka minane naendesha basi mbele yao." Hakupaza sauti, Jasvir hapazi sauti. "Hakuna siku nimechelewa. Sasa ili nipate kazi lazima nikasimame kwenye moshi nikacheke vichekesho vya Nev? Kwa nini mimi ndiye nihamie kwenye soseji? Si waihamishe kazi itoke pale?"

Nikamuuliza kilichokuwa kinaniwasha. "Na mafuriko? Kwa nini hukusema ni wewe?"

"Kwani hawajui?"

Nikamwambia. Damo, maji ya kiuno, kasuku. Akakunja chapati yake, akaifungua, akaikunja tena.

"Nilidhani wanajua," akasema. "Graeme alinipungia mkono siku ile, nimelowa mpaka kwenye kilemba. Nilidhani wanajua, wakanipita hivyo hivyo." Akafunika chakula kabla hajamaliza. "Kumbe hata hawajui."

Sijui lipi lilikuwa baya zaidi, na nadhani yeye pia hakujua. Niliona uchungu usoni mwake. Nilirudi chumba cha redio nikampigia Imogen simu, nikamrudishia maneno yote. Lile la kuihamisha kazi aliniomba nilirudie.

"Basi ndiyo semina," akasema. "Asante, mama. Mwambie asije Ijumaa. Yeye si wa kufundishwa."

Ijumaa ya pili Imogen alifika na viatu vyeusi. Hakuleta projekta wala biskuti. Alisema anawataka tu wale wanaogawa kazi: Graeme, Nev na Lorraine, na mimi niwepo kwa sababu ninajua zamu zote.

"Na madereva?" Graeme akashangaa. "Hawafundishwi?"

"Madereva wanagawa kazi?"

"Hapana."

"Basi waendelee na safari zao."

Tukakaa kwenye ndoo zilizofudikizwa nyuma ya karakana, kuzunguka jiko ambalo halijawashwa. Nev alikuja na koleo lake hata hivyo, sijui kwa nini. Nadhani bila koleo hajui aweke wapi mikono.

"Sitawauliza mnawaonaje watu wa rangi hii au dini ile," akasema Imogen. "Nawauliza kuhusu walioomba kazi. Graeme, nipe sifa moja ya Damo, na uniambie uliiona au uliisikia."

Graeme akanyooka. Hilo aliliweza. Akatupa mafuriko yote, maji ya kiuno, vikongwe, kasuku.

"Uliona?"

"Nilisikia."

"Wapi?"

Graeme akatazama jiko. Lorraine akaguna.

"Na Jasvir?"

"Jasvir." Akakuna shingo. "Mtulivu. Anawahi. Mtu mzuri sana, lakini..."

Akangoja neno lije, halikuja. Tukangoja naye. Nikauma mdomo, niliuma hasa.

"Lakini simjui," akasema Graeme hatimaye, na masikio yakamwiva. "Miaka minane. Simjui."

"Damo ni yule anayeosha basi pale?" akauliza Imogen. "Mwiteni, tafadhali. Asimulie mwenyewe."

Damo akaja anadondosha maji, brashi mkononi. Ni jitu kubwa lenye sura ya mtoto. Imogen akamwambia tumesikia habari ya mafuriko, tunataka kuisikia kwake. Damo akatutazama mmoja mmoja, akafika kwangu. Mimi nikamkazia macho. Yeye anajua nakaa wapi na nasikia nini.

"Bosi," akasema, "mimi sikuwa majini."

"Unasemaje?"

"Nilileta basi la pili na mablanketi. Aliyekuwa majini ni Jas. Mimi niliona, nikaja nikasimulia. Ninyi ndio mlionitia majini."

"Mbona hukusahihisha?" Nev akafoka.

"Nilisahihisha Ijumaa ya kwanza, mkawa mnacheka. Ijumaa ya pili nikasahihisha kidogo." Akasugua sakafu kwa ncha ya buti. "Ya tatu nikaona napendeza."

Hakuna aliyecheka. Nev alikuwa amekaa na koleo kati ya magoti, mdomo wazi.

"Na kasuku?" akauliza.

"Hapakuwa na kasuku, Nev. Kasuku ni wako."

"Hapakuwa na kasuku," Nev akajirudia taratibu, na namna alivyosema ungedhani kafiwa.

Hapo ndipo nilipolipuka, na sijuti. Niliwaambia yote niliyoyasikia redioni siku ile, neno kwa neno, na nilipofika pale Jasvir aliponiambia abiria wote wametoka na sasa anatoka yeye, ikabidi nitazame ukuta. Lorraine akanipa leso. Graeme alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza hakikuwa kinakubali kitu, kilikuwa kimetulia tu.

"Nimpe," akasema. "Nimpe kazi leo leo. Niende nimwambie sasa hivi."

Nilitaka kupiga makofi. Imogen akasema hapana.

"Ukimpa leo, umempa tena kwenye jiko. Juzi jiko lilisema Damo, leo linasema Jasvir. Kesho litasema nani?"

Nilitaka kumtia kwenye ndoo. Lakini alikuwa sahihi, na Jasvir mwenyewe alishasema. Wakabishana mpaka saa ya soseji ikapita, na Nev akasahau kuwasha gesi, jambo ambalo watu wa karakana watawasimulia wajukuu. Mwisho wakakubaliana kwamba mambo ya kazi hayatazungumzwa tena pale. Kila mwombaji atakaa mbele ya watu watatu na kuulizwa maswali yale yale, na kabla ya hapo hao watatu watapanda basi lake safari moja wakae kama abiria. Atakayekosa ataambiwa sababu usoni, bila "mtu mzuri sana, lakini". Na Imogen atarudi majira ya baridi.

"Na slaidi?" akauliza Graeme, nusu kwa matumaini.

"Bila slaidi. Nitauliza nani alipata nini, na kwa nini."

"Sasa hapa tutaongea nini?" Nev akalalamika.

"Mpira," akasema Lorraine. "Mwongee mpira mwache watu."

Graeme alipanda basi la Jasvir Jumanne, kiti cha katikati, mkoba magotini. Kwa bahati ya Mungu siku hiyo kulikuwa na kila kitu: mlevi, kiti cha magurudumu, na mtoto wa shule aliyelia kwa sababu amepitiliza kituo. Niliyafuata yote redioni huku nimepishanisha vidole nikimwombea. Graeme aliporudi alipita dirishani kwangu akasimama.

"Mlevi alimwomba radhi wakati anashuka," akasema. "Voula, alimwomba radhi."

"Kila Jumanne anamwomba," nikamwambia. "Karibu yadini."

Jasvir alipata kazi. Graeme alimwambia Damo usoni kwamba amekosa, na sababu zake, na Damo akasema kama angekuwa majini kweli angebisha. Jasvir alimpigia Manpreet palepale kwa simu ya chumba changu cha redio, maana yake ilikuwa imeisha chaji. Manpreet alikuwa ameshafunga vyombo vya jikoni kwenye maboksi. Sijui Kipunjabi, lakini matusi ya furaha nayajua kwa lugha zote. Dereva mmoja akaniita wakati huohuo kuuliza kuhusu foleni, akanisikia nalia, nikamwambia ni mafua.

Wiki hiyo Nev alikuja kwenye kiti chetu cha nyuma, bila koleo, akawa kama mtu aliyesahau suruali. Aliomba asimuliwe mafuriko na mwenyewe. Jasvir akamsimulia, kwa sentensi chache, akarudi kwenye dengu.

"Basi?" Nev akauliza. "Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

Nev akafikiri. "Nikimwacha kasuku abaki, utakasirika?"

"Mwache," akasema Jasvir. "Ila asitukane."

Mngedhani yamekwisha hapo. Nami nilidhani. Lakini majira ya baridi yalipoingia, zamu moja ya asubuhi ikawa wazi, na mkwe wangu Lefteris, naye dereva wa hapa, amekuwa anaendesha usiku tangu amuoe binti yangu. Anarudi alfajiri, mtoto anaamka, binti yangu amekonda. Nilichotaka hakikuwa kibaya. Nilitengeneza pai ya mchicha na jibini, ile ya mama yangu, yenye unga mwembamba unaovunjika ukiutazama tu. Nikaipeleka kwenye kiti cha nyuma.

Jasvir alikula kipande cha kwanza amefumba macho. Akala cha pili.

"Jasi," nikasema, nikijipangusa unga magotini, "ile zamu ya asubuhi. Unajua Lefteris..."

Akainua mkono. Akanusa hewa, huku na huku.

"Dada Voula," akasema, "naona hapa pameanza kunuka soseji."

"Jasvir! Mimi si Nev! Mimi ni dada yako!"

"Ndiyo maana." Alinitazama kwa upole ule unaokera. "Mwambie Lefteris aje Jumatatu saa tatu kama wengine. Maswali yale yale. Akiyaweza, atapata. Akikosa, nitamwambia yeye kwa nini, nawe nitakuja kukwambia."

Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika, mengine ya Kigiriki. Nilimwambia migomba ya Woolgoolga bado inamsubiri. Nikavuta bakuli langu niondoke na pai yangu, nikakuta ni tupu. Yote alishakula.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimebamiza mlango wa chumba cha redio simu ilipolia. Alikuwa Imogen. Alisema anakuja wiki ijayo, ila ameshindwa kungoja, anataka tu kujua. Je, semina imefanya kazi?

"Imefanya kazi," nikamjibu. "Nina hasira sana."